Ni Nani Anayenunua Sabuni ya Choo cha Shule?

Hebu mwangalie mtoto wako jioni ya leo anaporudi kutoka shuleni. Hukimbilia wapi kwanza? Wengi wenu mtasema jikoni, kwani mtoto amerudi na njaa yake. Lakini wazazi wenye mabinti, hasa wale wanaosoma katika shule za umma za mijini, watakubali kwamba mara nyingi mtoto huutupa mkoba mlangoni, akapita mbio hadi chooni, na akitoka huko ndipo anapokumbuka kusalimia. Ukimuuliza atakwambia kuwa tangu asubuhi hakwenda haja hata mara moja. Na ile chupa ya maji uliyompa imerudi kama ilivyoondoka, kwa sababu mtoto mwerevu hujifunza upesi kwamba asiyekunywa hapati haja ya kukojoa.

Watoto wa aina hii huletwa kwangu kila wiki. Mama hulalamika kuwa binti ana maumivu ya tumbo yasiyokwisha, au anasikia moto anapokojoa, au anapata choo kigumu hata analia. Aghalabu amekwisha kupimwa homa ya matumbo kwa kile kipimo cha Widal ambacho maabara nyingi za mitaani hukipenda mno, na ambacho mimi sikiamini, akapewa dawa kali na maumivu yakabaki pale pale. Ukweli ni kwamba wengi wa watoto hawa wanabana haja na hawanywi maji. Mkojo ukikaa katika kibofu saa saba au nane bila kutoka, viini vinavyoleta maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi nzuri ya kuzaana. Kinyesi nacho kikikaa sana tumboni hunyonywa maji yake kikawa kigumu, na siku kinapotoka humchana mtoto, naye kwa kuogopa uchungu huo hubana zaidi. Nimewaona watoto wa miaka minane wanaojichafua nguo bila kujua, wakachapwa nyumbani kwa kuitwa wavivu, kumbe utumbo umeziba na kinachotoka ni kile chepesi kinachopenya pembeni.

Matibabu yapo, tena si ghali. Shida ni kwamba mtoto nikisha kumtibu hurudi katika shule ile ile, penye choo kile kile. Nikiwauliza kwa nini hawaendi haja shuleni, majibu hayabadiliki: kunanuka, mlango haufungiki, sakafu imejaa mkojo, kuna giza, wavulana huchungulia, hakuna maji wala karatasi.

Yamkini wewe msomaji unafikiri kwamba dawa ya haya yote ni kujenga vyoo zaidi. Vijengwe, sipingi. Lakini ninaloshikilia ni jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Nchi yetu imezoea kuhesabu vyoo, na haihesabu yale yanayokifanya choo kiwe choo, yaani maji, sabuni, mtu wa kusafisha, na fedha za kuvilipia vitu hivyo kila siku ambayo shule imefunguliwa.

Hata hiyo hesabu ya vyoo yenyewe inatushinda. Mwongozo wa serikali unataka mlango mmoja wa choo kwa kila wasichana 25, na mmoja kwa kila wavulana 30. Basi shule yenye wanafunzi 800, nusu wasichana na nusu wavulana, ingepaswa kuwa na milango 16 ya wasichana na 14 ya wavulana. Sasa chukua shule ya kiasi hicho yenye milango minne tu ya wasichana, na shule kama hiyo si ngeni kwako. Mapumziko ya asubuhi ni dakika 20. Kila msichana akitumia dakika mbili, jambo ambalo ni la haraka mno kwa mtu aliyevaa sare, kila mlango utahudumia wasichana kumi. Hao ni 40. Wale 360 waliobaki watarudi darasani wakiwa wamebana, au watazunguka nyuma ya jengo.

Msongamano huu una historia yake. Masomo ya msingi yalipofanywa kuwa bila malipo mnamo Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Lilikuwa jambo jema, na kila mtu aliona madarasa yakifurika. Ila vyoo vilibaki vile vile vya harambee za wazee wetu. Kisha mnamo Januari 2023 sekondari ya msingi ikaanzishwa, na Gredi ya 7 ikabaki katika viwanja vya shule za msingi. Kufikia 2025 Gredi ya 9 nayo ilikuwa humo. Kwa maneno mengine, mahali ambapo zamani mtoto mkubwa kabisa alikuwa wa darasa la nane, sasa pana darasa moja zaidi, na ni la vijana wa miaka 14 na 15. Tulisikia mijadala mirefu kuhusu maabara na walimu wa kuwafundisha. Kuhusu mahali pa kwendea haja sikusikia mjadala.

Umewahi kuhudhuria uzinduzi wa choo? Mheshimiwa hufika na msafara wake, utepe hukatwa, akina mama huimba, na ukutani hupakwa kwa rangi jina la mradi, jina la mheshimiwa na mwaka wa fedha. Sijawahi kuona jina la mtu likiandikwa juu ya kipande cha sabuni.

Siku moja nilialikwa katika shule moja ya msingi mjini, ambayo sitaitaja, niwazungumzie wanafunzi kuhusu usafi. Nilionyeshwa kwa fahari jengo jipya la vyoo vya milango sita. Milango mitano ilikuwa imetiwa kufuli, na wa sita ulikuwa wa walimu. Mwalimu mkuu, mtu muungwana asiyependa kuficha mambo, alinieleza sababu. Vikifunguliwa, alisema, vitajaa kabla ya mwaka kwisha, naye hana fedha za kuita lori la kunyonya uchafu. Hana mtu wa kuvisafisha. Afadhali vibaki vizima mpaka wakaguzi watakapokuja. Watoto walikuwa wakitumia vyoo vya zamani, na mfereji wa kunawia ulikuwa mkavu. Nilitoka pale nikiwa nimemhurumia yule mwalimu kuliko nilivyomlaumu.

Haya si maneno ya daktari mmoja aliyetembelea shule moja. Kuanzia 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani, pamoja na shirika la CARE na wenzao wa humu nchini, walizifuatilia shule za msingi katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza. Baadhi zilipewa mafunzo ya usafi, vyombo vya kunawia na dawa ya kutia katika maji ya kunywa. Nyingine ziliongezewa na vyoo vipya, na nyingine zikaachwa kwanza ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Katika baadhi ya maeneo, uwezekano wa wasichana kukosa shule ulipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa wavulana hapakuwa na tofauti kubwa. Hayo ni ya kufurahisha. Lakini watafiti hao walipima pia mikono ya watoto, wakitafuta vijidudu vya E. coli ambavyo hutoka katika kinyesi. Wakakuta kwamba mikono ya wasichana katika shule zilizojengewa vyoo vipya ilikuwa na vijidudu hivyo zaidi kuliko ya wasichana katika shule ambazo hazikujengewa.

Soma sentensi hiyo tena, msomaji. Choo kipya, mikono michafu zaidi. Ukifikiri kidogo utaona sababu yake. Choo kipya huvutia watoto wengi wakitumie, tena kwa haja kubwa, ambayo awali waliibana hadi nyumbani. Kama hakuna cha kujifutia, hakuna maji na hakuna sabuni, basi kila anayetoka humo hutoka na kinyesi viganjani, akashika kitabu, akashika mkono wa mwenzake, akala mahindi na maharagwe ya saa saba. Jengo peke yake lilikuwa limewaongezea watoto hatari.

Wahindi nao wamepitia njia hii, tena kwa kiwango kikubwa kuliko chetu. Mwaka 2014 serikali ya India iliahidi kuwa kila shule ya umma itapata choo cha wasichana na cha wavulana katika muda wa mwaka mmoja, na ilipofika Agosti 2015 ikatangaza kwamba vyoo zaidi ya 400,000 vilikuwa tayari. Miaka mitano baadaye mkaguzi mkuu wa hesabu wa nchi hiyo alitoa ripoti kuhusu vyoo vilivyojengwa na mashirika ya umma. Katika vyoo zaidi ya 2,300 vilivyopatikana na kukaguliwa, zaidi ya asilimia 70 havikuwa na maji ya mfereji ndani, na sehemu kubwa havikuwa vikisafishwa hata mara moja kwa siku. Vingine vilikuwa vimefungwa, au vimegeuzwa stoo. Vilikuwa vimehesabiwa vyote.

Sisi wenyewe tulijionea mambo kama hayo wakati wa Covid. Shule zilifungwa Machi 2020, na kabla ya kufunguliwa kikamilifu Januari 2021 kila mwalimu mkuu alitakiwa aonyeshe mahali pa kunawia mikono. Mapipa yenye mabomba yalipangwa langoni, makampuni yakapiga picha za kukabidhi misaada, na kwa miezi michache watoto wa Kenya walinawa mikono kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Leo pita langoni mwa shule uyatazame mapipa hayo. Mengi yamevunjika bomba, mengine yanahifadhia chokaa. Ugonjwa ulipopungua, kasma ya sabuni ilipungua nayo. Wala si sisi peke yetu, kwani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2023 watoto milioni 646 duniani walikuwa katika shule ambazo hazina mahali pa kunawa penye maji na sabuni.

Tuje sasa kwenye fedha, maana hapo ndipo penye fundo. Mwaka 2003 serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 1,420. Ukizigawa kwa siku za masomo unapata shilingi saba na ushei kwa mtoto kwa siku. Humo mna chaki, ukarabati, mlinzi, mitihani, umeme, na ndani ya fungu moja na umeme ndimo mnamokaa maji na usafi. Isitoshe, kila mwalimu mkuu atakwambia kuwa fedha hizo huja kwa kuchelewa na kwa mafungu. Mwalimu mkuu akiwa na bili ya umeme mkononi na dumu la sabuni limekwisha, atalipa kipi? Umeme ukikatwa, kila mtu ataona. Sabuni ikikosekana hakuna ripoti inayoandikwa.

Kwa sababu hiyo ningependa Wizara ya Elimu itenge fungu la peke yake kwa maji, sabuni na usafishaji, ambalo haliruhusiwi kuhamishiwa kazi nyingine, na ambalo hutolewa mwanzoni mwa muhula. Ningependa pia kila shule ya msingi iwe na mtu aliyeajiriwa kusafisha vyoo, mwenye glavu, viatu vya mpira na mshahara. Nikiambiwa nichague kati ya jengo jipya la milango minane lisilo na mtu wa kulitunza, na mshahara wa mfagizi mmoja katika shule ambayo tayari ina milango kumi, nitachagua mfagizi bila kusitasita. Najua kuna shule, hasa Turkana, Tana River na sehemu nyingine kame, ambazo hazina choo kabisa, na huko lazima kujenga kutangulie. Wala sizungumzii ujenzi wa ovyo. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, zilizofanya ufunguzi wa muhula wa pili uahirishwe hadi Mei 13, zilititisha vyoo vya shule nyingi kwa sababu mashimo yalichimbwa bila kujengewa kuta. Choo cha aina hiyo huua. Mwaka 2014 mtoto wa miaka mitano alitumbukia katika choo cha shimo cha shule yake mkoani Limpopo, Afrika Kusini, akafa, na kesi ya wazazi wake ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa ya nchi hiyo. Mtoto wa chekechea akikwambia anaogopa choo, usimcheke.

Pasipokuwa na mfagizi, ni nani anayesafisha? Ni watoto. Sina ugomvi na mtoto kufagia darasa lake au kuokota takataka. Nina ugomvi na desturi iliyoenea ya kuwapa kazi ya choo wale waliochelewa au waliopiga kelele. Huwa hawana glavu wala dawa, bali ufagio wa miti na debe la maji waliloteka wao wenyewe, na mara nyingi ni wasichana ndio wanaotumwa kuteka. Kiafya ni hatari, kwa kuwa kinyesi cha mtoto mmoja mwenye kuhara damu chatosha kuwaambukiza wenzake kumi. Na kuna ubaya mwingine usioonekana kwa darubini. Mtoto hufundishwa kwamba choo ni mahali pa adhabu na kwamba kukisafisha ni fedheha. Huyo huyo akiwa mtu mzima atatumia choo cha stendi ya matatu akiache kama alivyokiacha, na sisi tutauliza kwa nini Wakenya hawatunzi mali ya umma.

Kuhusu wasichana waliobaleghe nitasema kwa ufupi, kwani limesemwa sana. Mwaka 2017 Bunge lilibadilisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo. Watu wengi hukumbuka sehemu hiyo tu. Sheria hiyo hiyo inataka pawepo mahali salama pa kuzitupa baada ya kutumiwa. Sodo bila mlango wenye komeo, bila maji na bila pipa lenye kifuniko ni nusu ya msaada. Zikikosa pa kutupwa hutumbukizwa shimoni, shimo likajaa upesi au bomba likaziba, na choo kikafungwa.

Kuna wanaoamini kwamba dawa na chanjo zitatuvusha. Tuna mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto wa shule dawa ya minyoo, ulioimarishwa mwaka 2012 katika kaunti zenye minyoo mingi, na ni mpango mzuri. Utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer huko Busia, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha utoro ukipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa, na ingawa wataalamu wamebishana sana juu yake, hakuna daktari anayetaka mtoto aishi na minyoo. Lakini tembe ya albendazole huua minyoo iliyomo tumboni leo. Haimkingi mtoto na mayai atakayoyameza kesho. Mayai ya mchango huweza kukaa hai katika udongo kwa miezi mingi, hata miaka, na mabuu ya safura hupenya katika nyayo za mtoto asiyevaa viatu anapokwenda haja nyuma ya jengo. Tunatibu, kisha tunawarudisha pale walipoipata.

Hali kadhalika chanjo ya homa ya matumbo, iliyoanza kutolewa nchini Julai 2025 kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Kama mtoto wako hajaipata, muulize mhudumu wa zahanati iliyo karibu nawe. Nilifurahi sana ilipokuja. Ila haizuii kipindupindu, ambacho kati ya Oktoba 2022 na mwaka 2023 kiliwaugua Wakenya zaidi ya 12,000, wala haizuii kuhara damu, minyoo au ule ugonjwa wa ini unaoenezwa kwa kinyesi. Mnamo Aprili 2023 shule moja ya upili ya wasichana huko Kakamega ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua na baadhi yao kufa, na Wizara ya Afya ikataja vijidudu vya E. coli na salmonela.

Maji nayo yana hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita tano kwa kila mtu kwa siku katika shule ya kutwa, bila kuhesabu maji ya kumwaga chooni. Shule yetu ya watoto 800 yahitaji basi lita 4,000 kila siku. Lile tangi jeusi la lita 10,000 unaloliona limepigwa picha gazetini litakauka siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana. Maji ya mvua husaidia, kwani milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, na paa la shule ni kubwa. Mifereji ya paa tu ndiyo huwa imeoza. Maji ya kunywa yatiwe klorini na kungojewa nusu saa. Na kwa wale wa Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, mkumbuke kwamba klorini haiondoi floraidi inayowafanya watoto wenu wawe na meno ya kahawia. Hiyo hutaka kichujio maalumu au chanzo kingine cha maji.

Wakati mwingine sabuni huwepo, na imefungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu kwa kuwa kipande kikiwekwa nje huibwa. Sawa. Shule kadhaa za Nyanza zilipata njia nyepesi, ambayo ni kuchanganya sabuni ya unga na maji katika chupa ya plastiki yenye tundu kifunikoni. Hakuna anayeiba maji ya sabuni. Ukiitundika karibu na mtungi wa lita tano unaoinamishwa kwa kamba ya kukanyagia, ambao wengine huuita kibuyu chirizi, umepata mahali pa kunawia kwa gharama ya soda chache.

Sasa, msomaji, ukitaka kumlalamikia mtu utamlalamikia nani? Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha na ya kiwango kinachofaa cha usafi. Lakini Jedwali lake la Nne limeziachia kaunti huduma za maji na usafi pamoja na shule za chekechea, na elimu ya msingi ikabaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo katika kiwanja kimoja, choo cha mtoto wa miaka mitano ni cha gavana na choo cha kakake wa Gredi ya 2 ni cha waziri. Kampuni ya maji ya kaunti ikikata maji kwa sababu ya deni, waziri yuko mbali, na gavana atasema shule si yake. Nimesikia hoja hiyo ikitolewa kwa uso mkavu.

Kwa hivyo anza na aliye karibu. Bodi ya usimamizi ya shule ina wawakilishi wa wazazi, na hesabu za shule si siri ya mtu. Katika mkutano ujao, kabla hamjaambiwa mchange fedha za basi au za lango jipya, inua mkono uulize ni shilingi ngapi zilizotumika muhula uliopita kwa sabuni, kwa maji na kwa kuondoa uchafu wa choo, na ni nani aliyelipwa kuvisafisha vyoo. Uliza kwa adabu, kwani mara nyingi mwalimu mkuu atafurahi kuulizwa, naye atapata la kumwonyesha afisa wa elimu. Mkiona fedha hazikutoka, andikeni barua mpeleke kwa afisa huyo na nakala kwa mwakilishi wa wadi. Na wazazi mkikubaliana kumlipa mfagizi kwa muda wakati mnangoja, iandikwe kwamba ni kwa muda.

Kisha uombe kuvitazama vyoo. Usiende saa mbili asubuhi siku ya mkutano, kwa maana siku hiyo vimepigwa maji tangu alfajiri. Nenda siku ya kawaida, saa tano hivi, mara tu baada ya mapumziko. Ukifungua mlango wa wasichana tazama kama una komeo kwa ndani, kama kuna maji, na kama sakafu imekauka. Ukipelekwa kwenye choo kinachofunguliwa kwa ufunguo kutoka ofisini, mshukuru mwalimu, kisha umwombe akuonyeshe kile wanachotumia watoto.